Muuguzi Hufundwa Wapi?

Boti za Tumbatu hufika Mkokotoni kwa kufuata maji. Yakijaa, abiria hushuka karibu na diko la samaki. Yakipwa, boti hukomea mbali, na watu hukunja suruali na kupandisha kanga wakatembea matopeni hadi nchi kavu. Mgonjwa naye hana njia nyingine. Kisiwani vipo vituo vya afya, Gomani na Jongowe, lakini uzazi ukiwa mzito au mtoto akizidiwa usiku, safari ni ya bahari hadi Mkokotoni, kisha gari hadi Hospitali ya Kivunge. Anayempokea huko mara nyingi ni muuguzi aliyezaliwa papa hapa Kaskazini A, ambaye shangazi yake alisoma chuoni na mama wa mgonjwa, na ambaye wiki ijayo watakutana arusini.

Ujirani huo ndio ulionileta. Mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga, ng'ambo ya mkondo, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwauliza wauguzi wa Pwani na wa bara swali moja: hayo unayoyashika kazini, ya kufanya na ya kutofanya hata pasipo mtu wa kukuona, uliyapata wapi? Wengi huanza na kiapo, wakaendelea na darasa. Ukikaa nao zaidi wanamtaja mtu: sista wa wodi ya wazazi aliyekuwa mkali, bibi aliyekuwa mkunga, daktari mmoja aliyekufa. Daftari langu limejaa watu hao. Nimefika kuamini kwamba muuguzi hufundwa kama mwari anavyofundwa na somo wake, na asipopata wa kumfunda, maadili aliyoyaandika kwenye mtihani humtoka katika mwaka wa kwanza wa kazi.

Barazani, hatua chache kutoka sokoni, nilimkuta muuguzi mstaafu aliyetumikia vituo vya Kaskazini kwa sehemu kubwa ya umri wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani kabla ya kuniuliza nataka nini. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huku kazi ngumu si sindano. Kazi ngumu ni njia ya kurudi nyumbani."

Nilimwomba afafanue. Akasema kwamba muuguzi wa mjini akivua gauni lake jeupe anapotea ndani ya watu. Yeye akitoka zamu alipita mabaraza manne, na kila baraza lina mzee aliyemjua tangu anatambaa. Mzee anauliza, "Yule mtoto wa fulani uliyemlaza leo, ana nini hasa?" Kanuni ya kazi inamtaka afunge mdomo. Malezi aliyolelewa yanamwambia kwamba mkubwa akikuuliza humwachi bila jibu. Mwanzoni, alisema, alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba, njia ya mashambani, ili asikutane na mtu. Aliyemwokoa ni muuguzi aliyekuwa mkubwa wake kazini. Siku moja walifuatana, wakaulizwa, na yule mkubwa akainama kwa adabu zote akajibu, "Mzee wangu, mwombeeni dua." Akaendelea na safari. Mzee hakukasirika, maana ameheshimiwa, na siri ya mgonjwa haikutoka.

"Jibu hilo nimelitumia miaka yote," aliniambia. "Nimewafundisha wote waliokuja nyuma yangu."

Nililiandika kwa herufi kubwa, kwa sababu ndani yake yamekutana mambo mawili ambayo vitabu huyapanga katika sura tofauti: utu wa mtu na utaratibu wa kazi. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, hadi yale ya 2021, zinamtaka muuguzi atunze taarifa za mgonjwa. Hakuna kifungu kinachomwambia afanye nini mbele ya baraza la wazee wa Mkokotoni, na hakiwezi kuwepo. Kinachowezekana ni mtu aliyekwishapita hapo kumwonyesha mwenzake.

Alinisimulia pia habari ya kuona haya. Alipopangiwa kwa mara ya kwanza kumwogesha mwanamme mtu mzima, mzee wa rika la baba yake, mikono ilimtetemeka, na mzee naye aligeuza uso ukutani akakataa. Mkubwa wake alikuja na kanga mbili. Akamfundisha kumwambia mzee kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, kumwita baba, kufunua mkono mmoja ukaoshwa ukafunikwa ndipo ufunuliwe wa pili, na pale panapobaki pa mwenyewe kumpa kitambaa aoshe mwenyewe, au kumwita mwanawe wa kiume. Sitara hiyo aliikuta kwao kabla hajajua kusoma. Kazi ilimwongezea mbinu ya kuilinda huku usafi na dawa vikifanyika.

Jambo la mwisho alilonieleza lilihusu wakunga wa jadi. Zamani kidogo, mkunga akimleta mzazi kutoka kisiwani, wauguzi wengine walimfukuza mlangoni kwa maneno makali, wakimlaumu kwa kuchelewa. Yeye aliona hesabu nyingine. Mkunga ndiye anayekaa ndani ya nyumba ile usiku na ndiye ambaye neno lake huamua boti iondoke saa ngapi. Ukimfukuza leo, kesho atachelewesha zaidi. Basi akawa anamtolea kiti, anampa maji, anamwuliza alichokiona njiani na uchungu ulianza lini. Baada ya muda wazazi wakaanza kufika mapema zaidi. Mimi naliona hilo kuwa busara kubwa, na sijalisikia likifundishwa vya kutosha: heshima kwa mkunga ilikuwa, wakati huohuo, tiba ya mama.

Nilipomwuliza kuhusu siku anayoikumbuka kuliko zote, hakutaja uzazi. Alitaja usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Yeye alikuwa mapumzikoni. Alisema hakuitwa na mtu. Alisikia, akafunga kilemba, akaenda. Njiani aliwakuta wenzake wawili nao hawakuitwa.

*

Kutoka Mkokotoni hadi mjini ni safari fupi ya daladala kupita Mahonda, lakini kwa upande wa uuguzi ni kama kuhama zama. Mji Mkongwe una historia ya kazi hii katika mawe yake. Pale Mkunazini, kando ya kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa, lipo jengo la St. Monica la mwishoni mwa karne ya 19, ambamo waliishi walimu na wauguzi wa misheni. Misheni hiyohiyo ya Kianglikana, UMCA, ndiyo iliyovuka bahari ikafika Magila, karibu na kwetu Muheza, na bibi zetu waliojifunza kufunga vidonda kwa usafi walijifunza kwao. Kule baharini, Forodhani ukielekea Malindi, lipo jengo lenye roshani za mbao ambalo mfanyabiashara Tharia Topan aliliwekea msingi mwaka 1887 na ambalo baadaye likawa zahanati kwa miaka mingi. Na Mnazi Mmoja, hospitali kuu ya visiwa, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa kwa jina la Lenin, imepokea madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu tangu mwaka 1964.

Wanafunzi wengi wa uuguzi wa Unguja hupitia Mbweni, katika chuo cha afya ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Msomaji wa bara akumbuke kwamba afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na baraza lake la wauguzi na wakunga, na sisi wa Tanga tuna yetu. Kiapo, hata hivyo, kinafanana pande zote mbili. Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wanasimama na mishumaa wakakirudia, na jina linalotajwa ni la Florence Nightingale. Kiapo hicho hakukiandika yeye. Kiliandikwa Marekani, mjini Detroit, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, kikapewa jina lake kwa heshima. Wanafunzi wa Kiislamu wanaye pia Rufaida al-Aslamiyya wa Madina, aliyewekewa hema msikitini kwa Mtume kuwatibu majeruhi wa vita vya Khandaq, na Saad bin Muadh alihudumiwa humo. Laiti darasani wangekaa pamoja, Nightingale na Rufaida, ili binti wa Mkwajuni au Chaani asidhani kwamba huruma ya kazi yake imeletwa kwa meli.

Nilichokipenda mjini ni mpango wa kazi. Wodi kubwa hainusurishwi na ujirani, maana mgonjwa anatoka Makunduchi, mwingine Pemba, mwingine ni mtalii. Inanusurishwa na makabidhiano. Muuguzi mmoja kijana aliniambia kwamba alichokipata mjini ni kutotoka zamu kabla ya kumkabidhi mwenzake kila kitanda: huyu dripu yake imebaki nusu, huyu hajakojoa tangu asubuhi, huyu mwanawe atapiga simu. Alijifunza kwa matroni aliyekuwa akimrudisha kutoka getini, hata gari likimwacha. Aliona ni uonevu. Sasa naye anawarudisha wengine, na alinieleza hilo bila kutabasamu.

Nikayaweka mawili hayo pamoja. Shamba humfanya muuguzi awajibike kwa mtu anayemjua. Mji humfanya awajibike kwa mtu asiyemjua kabisa, na hilo la pili halimjii mtu kwa kulelewa vizuri nyumbani. Binti mwenye adabu kubwa kwa shangazi zake anaweza kumpita mgonjwa mgeni bila kumwona. Ndiyo maana sikubaliani na wazee wanaosema manesi wa siku hizi wamekosa malezi. Malezi wanayo. Lakini wodi yenye wagonjwa wengi kuliko vitanda inadai kitu ambacho malezi ya nyumbani hayakupangwa kukitoa.

*

Kwetu Tanga tulilijua hilo kwa uchungu. Ndugu yangu alijifungulia katika hospitali ambayo sitaitaja, akarudi na mtoto mzima na maneno ambayo hajayasahau hadi leo. Hakuwa peke yake. Utafiti wa mradi ulioitwa Staha, uliofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani katika wilaya za Korogwe na Muheza, uliwahoji akina mama wakitoka kujifungua: asilimia 19 walisema walitukanwa, walipuuzwa, walipigwa au walidhalilishwa kwa namna nyingine. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, kundi lililosema hivyo lilifika asilimia 28. Getini, mama ana mtoto mikononi na anataka tu kuondoka. Nyumbani ndipo anapopata nafasi ya kukumbuka.

Kilichofuata Korogwe ndicho ninachowasimulia wauguzi kila ninapokwenda. Wananchi na wahudumu walikaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma, kila upande ukasema unamdai mwenzake nini. Kisha hospitali ikaanza mambo ambayo mtu wa mbali angeyaona madogo. Yakawekwa mapazia, mama asipimwe mbele ya macho ya watu. Kuandikishwa kukahamishiwa chumba chenye faragha. Dawa zikiisha, wagonjwa wanaambiwa wazi badala ya kuzungushwa. Akina mama wakaulizwa maoni wanapotoka. Wauguzi wakapewa ushauri nasaha, na walio zamu wakapatiwa chai. Ikilinganishwa na hospitali ambayo haikufanya hayo, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66.

Fikiri juu ya ile chai. Muuguzi amesimama usiku kucha, wazazi wanne wanalia kwa wakati mmoja, na hajaweka kitu tumboni tangu magharibi. Ukimhubiria wito saa tisa usiku atakusikia, lakini mkono wake hautakuwa na subira. Wanaosema kwamba maadili ni moyo wa mtu tu wafike wodi ya wazazi saa hiyo. Mimi naamini moyo upo, na pia naamini unalindwa au unachoshwa na mambo ya vyombo: pazia, glavu, kiti, kikombe. Yule mstaafu wa Mkokotoni alikuja kufundwa na kanga mbili mkononi mwa mkubwa wake. Kanga zisingekuwepo, somo lile lisingekuwepo.

*

Swali langu lilinifikisha hadi Gulu, kaskazini mwa Uganda. Ni mbali na bahari, na niliyoyasikia huko siwezi kuyaweka katika mizani moja na haya. Mwaka 2000 Ebola iliingia. Katika Uganda nzima watu 425 waliugua na 224 walikufa. Katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, wauguzi na wanafunzi wa uuguzi walianza kufa mmoja baada ya mwingine, na hospitali ikapoteza zaidi ya wafanyakazi kumi. Siku moja ya Novemba wauguzi walikusanyika wakiwa wameshiba hofu, wakataka hospitali ifungwe. Dkt. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akisoma Kampala na akarudi kwa ajili ya mlipuko huo, alikwenda kuzungumza nao. Hakumlazimisha mtu; anayetaka kuondoka aliachwa huru, na yeye akasema atabaki. Wengi wakabaki. Muda mfupi baadaye aliugua, baada ya kumkimbilia usiku muuguzi wake mwenyewe aliyekuwa akitokwa damu. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Muuguzi mmoja wa huko, mtu mzima sasa, aliniambia kwamba kabla ya siku ile alikuwa akifanya kazi kwa sababu ana cheti. Nikamwuliza ni neno gani la daktari lililombadilisha. Akasema halikuwa neno. Ni kwamba walimwona akiingia wodini kabla yao. Sipendi kuitumia habari hii kuwashinikiza wauguzi wafe. Hakuna serikali yenye haki ya kumdai muuguzi ujasiri wa Lacor huku ikimnyima barakoa. Ninachokiandika ni kwamba maadili yale yalipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, siku moja, yakawaingia watu ambao darasani walikwishayasikia.

Kenya nilipita haraka, na mambo mawili yalinishughulisha. La kwanza ni Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, aliyepewa tuzo ya kimataifa ya wauguzi huko Dubai mwaka 2022, yenye thamani ya dola 250,000. Amesimulia hadharani kwamba alikeketwa akiwa mtoto, na kazi yake ya kupinga ukeketaji na kujenga shule kijijini kwao imetoka hapohapo alipoumizwa. La pili ni mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, ulioanza Juni ukamalizika Novemba. Huko Mombasa niliambiwa na muuguzi kwamba hakuna kipindi alichojisikia vibaya zaidi maishani, na kwamba angegoma tena. Nimeyaamini yote mawili. Mtu anayedai mshahara alioahidiwa anatetea thamani ya kazi ileile, na mgonjwa aliyekosa huduma miezi hiyo naye ana haki ya kinyongo chake.

Rafiki wa muuguzi huyo wa Mombasa anafanya kazi Uingereza. Huko, tangu Aprili 2016, muuguzi hahuishwi katika daftari la usajili bila kutimiza masharti kila miaka mitatu, miongoni mwake kuandika maelezo matano ya kutafakari kazi yake, alilolifanya na alilojifunza, kisha kuyajadili na mwenzake. Aliniambia kwa simu kwamba mwanzoni aliona ni karatasi tu. Kisha akajikuta anaandika habari ya bikizee aliyefariki zamu yake bila jamaa hata mmoja kitandani, na kwamba alimshika mkono kama ambavyo kwao wangemshika bibi yao, na msimamizi wake Mwingereza akasoma akaomba jambo hilo lifanywe na wengine. Basi hata maandishi yanaweza kufunda, pakiwa na mtu wa kuyasoma kwa dhati.

*

Nimerudi mara nyingine Mkokotoni baada ya safari hizo, na kilichonisumbua ni jambo la kawaida kabisa. Wauguzi waliowafunda wenzao kwa miaka mingi wanastaafu, wanapewa cheti na zawadi, na wanachokijua kinakwenda nao nyumbani. Wanafunzi nao wanaletwa vituo vya shamba kwa mafunzo ya vitendo, wanapewa kitabu cha kusainiwa, na muuguzi wa zamu anakisaini huku anakimbilia mzazi mwingine. Hapati saa ya kufuatana na mwanafunzi hadi barazani kwa wazee amwonyeshe namna ya kujibu.

Basi naziomba wizara mbili za afya, ya Zanzibar na ya Tanzania Bara, na mabaraza yote mawili ya wauguzi na wakunga, jambo linalowezekana. Wanafunzi wapelekwe Kivunge, Makunduchi, Korogwe na Muheza wakakae miezi, wapangiwe mtu mmoja mkongwe kwa jina, na mkongwe huyo apunguziwe wagonjwa kwa muda anaofunda na alipwe kwa kazi hiyo. Wastaafu wenye nguvu waitwe kwa mkataba wa siku mbili kwa wiki. Mapazia na chai ya zamu ya usiku viingizwe katika bajeti ya kila wodi ya wazazi, mstari mmoja, kila mwaka.